Fundi Masalu na Zao la Vekta

Waliosema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakusema kwamba kuinama ni raha. Mgongo huuma, vumbi huingia puani, na aliyesimama pembeni hupata nafasi ya kucheka. Walichosema ni kwamba kitanda hakijapata kunyanyuka chenyewe kumpisha anayetafuta. Awe tajiri, awe msomi, awe fundi mwenye jina lake, anayekitaka kilichoko chini hana budi kupiga magoti. Maneno hayo Masalu Ndalahwa wa Mkolani aliyajua tangu utotoni, kama kila mtu anavyoyajua. Lakini kuyajua ni jambo moja na kuyatii ni jingine, na yeye kuyatii kulimchukua mpaka umri wa miaka arobaini na mitatu.

Kwa miaka kumi na minane Masalu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Alikuwa pande la mtu, mwenye mikono mipana kama makasia na sikio lililozoea mashine. Akilitega kwenye pampu aliujua ugonjwa wake kabla hajaifungua. Wenzake walisema pampu ikimwona Masalu inapona kwa woga. Sifa hizo zilimwingia kama maji ya mtungi, wala hakuwahi kuzikana. Kisha ukaja wakati wa soko huria. Maduka yakafurika bidhaa, mashirika yakauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Mwaka 1995 Masalu naye akapewa barua, mkono wa kwaheri na saa ya ukutani.

Lakini mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguliwa. Igogo, kwenye ufukwe wa ziwa, viwanda vya samaki vilikuwa vinaota kama uyoga. Sangara walikatwa minofu na kusafirishwa Ulaya, na mifupa yao, yaani mapanki, ikakaangwa mitaani mpaka mji mzima ukanukia. Katikati ya mwaka 1996 kiwanda kimoja kipya kikabandika tangazo getini: kinahitaji msimamizi wa pampu. Masalu alilisoma mara mbili, akatabasamu, akampigia kengele ya baiskeli mtu ambaye hakuwa njiani kwake.

Injinia wa kiwanda aliitwa Msafiri, kijana wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa mjini hapo hapo, aliyerudi kutoka chuo kikuu na miwani mipya na haraka nyingi. Aliwapa wasailiwa pampu mbovu. Masalu aliiamsha ya kwake wenzake wakiwa bado wanatafuta bisibisi. Halafu zikagawiwa karatasi. Swali la kwanza lilihusu maji yanayorushwa kutoka mahali pa juu: yataangukia wapi, kwa kasi gani, na kwa nini. Chini yake palijipanga herufi zilizobeba mishale vichwani kama wanawake waliotoka kuni. Masalu akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri sana. Hakuandika kingine.

"Baba," Msafiri akamwambia baadaye kwa sauti ya chini, "mikono yako nimeikubali. Lakini mitambo hii ina presha kubwa. Siku nisipokuwepo nataka mtu anayepiga hesabu kabla hajafungua koki. Waliofanya leo wote hawakutosha. Baada ya miezi mitatu tutasaili tena. Kasome."

"Nikasome?" Masalu akahamaki. "Kijana, mimi nilianza kufunga pampu wewe ukivaa kaptula ya shule!"

"Ni kweli, baba, na heshima yako iko pale pale. Lakini na karatasi nayo iko pale pale."

Masalu alirudi Mkolani uso umemsawijika. Mkewe Rebeka, aliyekuwa barazani akishona sare za shule kwa cherehani, alimtazama mara moja akajua. Alimwekea chakula, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Kesho yake Masalu alinunua kitabu cha fizikia kwenye vitabu vya mitumba karibu na soko. Kila asubuhi alikaa nacho uani. Kitabu kilimtazama, naye akakitazama. Wiki ya kwanza alisoma kurasa mbili. Wiki ya pili alizirudia hizo hizo. Wiki ya tatu Rebeka alimkuta amekiegemeza kitabu kwenye ndoo, amekunja mikono kifuani, kana kwamba anasubiri kiombe radhi.

"Baba Nkwabi," Rebeka akasema, kwani mtoto wao wa kwanza aliitwa Nkwabi, "mtoto wa mzee Nestory anafundisha tuisheni hapo kwenye ukumbi wa kanisa. Masomo ni hayo hayo ya mishale, wanaiita vekta."

"Nani, Teodora? Yule niliyemtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu?"

"Huyo huyo."

"Nikakae mbele ya mtoto yule nimwite mwalimu? Watu watasemaje?"

"Baiskeli ulitengeneza wewe," Rebeka akajibu bila kuinua macho, "vekta anatengeneza yeye. Kila mtu na gereji yake."

Masalu alikasirika mpaka jioni. Siku ya pili, saa nane mchana, alivaa shati lake la kanisani, akaenda.

Mwalimu Teodora alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na chaki haikumtoka vidoleni. Ukumbini palikuwa na vijana thelathini wa kidato cha tano na cha sita. Viti vilikuwa vimekwisha, vikabaki vibenchi vya watoto wa mafundisho ya Jumapili. Masalu akajishusha kwenye kimoja, magoti yakampanda mpaka kidevuni, na ukumbi mzima ukaanza kukohoa kile kikohozi cha watu wanaoficha kicheko.

Bahati mbaya haiji peke yake. Teodora aliuliza: mshale mmoja una urefu wa tatu, wa pili una urefu wa nne, unasimama wima juu ya ncha ya ule wa kwanza, jumla yake ni ngapi? Masalu, aliyetaka kufuta aibu ya kibenchi, akainuka na kujibu kwa sauti ya kiwandani: "Saba!"

Kicheko kikapasuka kama gunia la mahindi. Jibu lilikuwa tano.

"Tatu na nne ni saba tangu dunia iumbwe," Masalu akasema. Teodora aliwanyamazisha vijana kwa jicho moja tu, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Fundi aliokota kofia yake, akatoka. Wiki nzima hakukanyaga ukumbini, na kila alipouona msalaba wa kanisa kwa mbali alikata kona.

Siku ya nane, asubuhi, Teodora mwenyewe akaja akiikokota baiskeli yake.

"Shikamoo, baba Nkwabi."

"Marahaba, mwalimu," Masalu akajibu, akijiandaa kwa mahubiri.

Mahubiri hayakuja. "Nimekuja kujifunza," Teodora akasema. "Nati ya gurudumu hili imenishinda tangu jana. Naomba usinifungulie, baba. Nifundishe."

Tangu apunguzwe kazini hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Masalu akaleta spana, akaibana kwenye nati, akamwachia. Teodora akaishika mwisho wa mpini, akausukuma mpini wenyewe kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye nati.

"Siyo hivyo!" Masalu akacheka. "Unasukuma kuelekea kwenye nati. Hapo hata ukisukuma mpaka Krismasi haigeuki."

Teodora akasukuma kwa mshazari. Nati ikasogea unywele mmoja.

"Inageuka, lakini nguvu nyingi unazimwaga bure. Mkono wako na spana visimamiane kama ukuta na sakafu. Haya, sasa!"

Nati ikalia, ikaachia. Teodora akapiga makofi, kisha akatoa kipande cha chaki mfukoni, akachuchumaa, akachora kwenye sakafu ya baraza mshale mmoja wa spana na mwingine wa mkono.

"Baba, unajua umetoka kunifundisha nini? Zao la vekta, yaani kuzidisha mshale kwa mshale."

"Mimi?"

"Wewe. Mishale miwili ikilala njia moja, zao lake ni sifuri: nati haigeuki. Ikisimamiana kama ukuta na sakafu, zao ni kubwa kuliko yote: urefu wa huu mara urefu wa huu. Ikiwa ya mshazari, inakuwa katikati. Kitabu chako kinatumia kurasa nne kuyasema hayo, tena kwa Kiingereza kigumu."

Masalu aliutazama mchoro akiwa amesimama. Hakuuona vizuri. Akainama. Bado kivuli chake kilikuwa kinaufunika. Akachuchumaa, na mwisho akapiga magoti kabisa, kidole chake kinene kikifuata mshale wa mkono, halafu wa spana. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameifanya hesabu hii kila siku kwa viganja vyake, na hakuna aliyewahi kumwambia inaitwaje.

"Na ile saba?" akauliza polepole.

"Piga hatua tatu kwenda kwenye mpapai, halafu kata kona kama ukuta na sakafu, piga nne kuelekea jikoni. Kisha uje hapa ulipoanzia kwa njia ya mkato, uhesabu."

Masalu alipiga hatua tatu, akapiga nne, akarudi kwa mkato akihesabu kwa sauti. Zikawa tano. Akarudia, akifikiri amekosea. Zikawa tano tena. Rebeka alikuwa ameacha kushona, akimwangalia mumewe akizunguka uani kama jogoo aliyepoteza banda, akacheka mpaka machozi yakamtoka; na Masalu naye akacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia kwa mwaka mzima.

Mchana huo akarudi kwenye kibenchi chake.

Kuanzia hapo hakukosa hata siku moja. Asichokielewa aliuliza, na alipoambiwa bado hakuelewa, aliuliza tena. Vijana wakaacha kumcheka, kwa sababu maswali yake yalikuwa ndiyo yale waliyoogopa kuyauliza wao. Wakambandika jina la Baba Vekta, naye akalipokea kwa mikono miwili. Zao la vekta nalo wakalibatiza zao la spana.

Katika mwezi wa pili walifika kwenye mwendo wenye mchapuko usiobadilika, yaani kasi inayobadilika kwa kiwango kile kile kila sekunde. Teodora aliandika ubaoni kwamba kasi ya kutua ni kasi ya kuondoka, ukijumlisha mchapuko mara muda.

"Sasa," akasema, "pande zote mbili tuzizidishe na kasi ya kuondoka, kwa zao la spana. Kasi ya kuondoka tukiizidisha na yenyewe, tunapata nini?"

"Huko ni kusukuma mpini kuelekea kwenye nati," Masalu akajibu. "Sifuri."

"Imekufa. Kinachobaki?"

"Kasi ya kuondoka na mchapuko, mara muda."

"Mchapuko wa kitu kilichorushwa unaelekea wapi?"

"Chini moja kwa moja. Ndiko kinakokwenda kila kinachomponyoka fundi."

Vijana wakacheka, safari hii pamoja naye. "Vizuri," Teodora akaendelea. "Basi ile sehemu ya kasi inayopanda imelala njia moja na mchapuko, nayo imekufa. Inabaki sehemu ya kwenda mbele tu. Kasi ya kwenda mbele, mara muda, ni kitu gani?"

Masalu alihisi kitu kikimgeukia kichwani, kama nati iliyokwama muda mrefu inapoachia.

"Umbali!" akapaaza sauti. "Umbali wa mbele!"

"Umbali. Kwa hiyo zao la kasi ya kuondoka na kasi ya kutua ni sawasawa na mchapuko mara umbali ambao kitu kimefika. Basi anayetaka kufika mbali kuliko wote, afanyeje?"

Masalu akakuna kichwa. Kasi ya kuondoka hutoka kwenye mtambo, huwezi kuiongeza. Kasi ya kutua hutegemea ile ya kuondoka na kimo ulichoangukia. Kanuni waliyoipiga juma lililopita ilisema hivyo, wala haikujali umeelekeza upande gani. Urefu wa mishale yote miwili, basi, umeshapangwa. Kilichobaki mikononi mwa mtu ni pembe iliyo kati yake.

"Aihakikishe inasimamiana," akasema polepole. "Mshale wa kuondoka na mshale wa kutua. Kama ukuta na sakafu."

Teodora akaondoka ubaoni. Alimpelekea chaki mpaka pale alipoketi, akamkabidhi, naye Masalu akaenda ubaoni kuandika.

Siku ya usaili wa pili, mwezi wa kumi, wasailiwa walikuwa watano. Karatasi ilikuja kwanza, na safari hii Masalu alijaza pande zote mbili. Kisha Msafiri akawapandisha juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya kiwanda, upande wa ziwa. Juu yake lilisimama tangi la maji juu ya nguzo za chuma, na kutoka kwenye tangi ilishuka mipira ya zimamoto, mmoja ukiwa umewekwa tayari kwa usaili. Upande wa pili wa jiwe, chini kabisa, ulikuwa uwanja wa kiwanda, na katikati ya uwanja pipa tupu lisilo na mfuniko.

"Jiwe hili lina kimo cha mita kumi na tano," Msafiri akasema. "Pipa liko mita kumi na tisa na nusu kutoka kwenye ukuta wa jiwe. Moto ukitokea pale, maji yafike. Koki imeshafunguliwa mpaka mwisho, isiguswe. Mstari huu mweupe wa ukingoni usivukwe. Kila mtu ana robo saa."

Ulikuwa wakati wa mapumziko. Wanawake wakata minofu, na mabuti yao meupe ya mpira, walikuwa wamejaa kivulini chini wakila na kungoja sinema ya bure. Hawakukosa. Wa kwanza aliuelekeza mpira karibu na mbinguni, maji yakapanda, yakageuka, yakamlowesha yeye mwenyewe chapachapa. Wa pili aliyapeleka robo tatu ya njia. Wa tatu aliuinua, akaushusha kidogo, akauinua tena, akaishia kugombana na mpira. Wa nne alikuwa Venant, fundi wa boti kutoka Ukerewe, mtu mpole. Aliushika mpira katikati ya juu na mbele, maji yakaanguka hatua mbili kabla ya pipa. Alipojaribu kuuinua zaidi, yakapungua. Akauweka mpira chini.

"Bosi," akasema, "hapa hapafikiki. Ningeweza kuendelea kujifanya, lakini maji hayajui kudanganya."

Msafiri akaandika kitu kwenye daftari lake. "Asante. Baba Ndalahwa."

Moyo wa Masalu ulikuwa unadunda kama injini ya dizeli asubuhi ya baridi. Aliutazama ule umbali, na kwa jicho la kifundi aliona kwamba Venant amesema kweli: hapafikiki. Akili ikamshawishi aseme vivyo hivyo, akae zake. Halafu akakumbuka kwamba jicho hilo hilo ndilo lililosema tatu na nne ni saba.

Akauelekeza mpira juu wima. Maji yakapanda kando ya ngazi ya tangi, naye akahesabu vipago vya kukanyagia, akavigeuza kuwa mita: tano, hazikuzidi. Akauweka mpira chini, akatoa chaki, akapiga magoti juu ya jiwe, akaandika. Maji yanayopanda mita tano yameondoka kwa kasi ya mita kumi kwa sekunde. Yakishuka mita kumi na tano zaidi yatatua kwa kasi ya mita ishirini. Kumi mara ishirini ni mia mbili, mishale ikisimamiana. Gawanya kwa mchapuko, ambao ni kumi. Ishirini!

Akaitazama hesabu, akaipitia tena kwa kidole. Mita ishirini. Pipa liko kumi na tisa na nusu. Panafikika, kwa nusu mita!

Lakini mpira uelekezwe wapi? Akachora mishale miwili inayosimamiana, mmoja ukiwa na urefu maradufu ya mwenzake, yote ikienda mbele umbali sawa, maana kasi ya kwenda mbele haibadiliki njiani. Mchoro ukamjibu: mbele mbili, juu moja. Mteremko wa paa la kibanda! Akatoa spana mfukoni, akapima juu ya jiwe urefu wake mara mbili kwenda mbele, mara moja kwenda juu, akaweka kijiwe cha kuegemezea mpira. Ulikuwa chini sana, chini kuliko walivyoushika wote. Ili auchungulie sawasawa ilibidi alale karibu kifudifudi, shavu kwenye jiwe.

Huko chini kicheko kikalipuka.

"We baba!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Unazima moto au unamwagilia mchicha?"

"Mwacheni, amechoka, anataka kulala!"

Maji yakaruka chini chini, yakapita juu ya uwanja, yakaanguka hatua moja kabla ya pipa. Kicheko kikazidi. Mikono ya Masalu ikawasha kutaka kuuinua mpira. Kila mfupa ulimwambia inua, inua. Akauinua upana wa kidole kimoja tu, maji yakarudi nyuma. Akaushusha tena pale pale hesabu iliposema, akauma meno, akangoja. Hesabu ilikuwa imesema yake. Sasa upepo wa ziwa ulikuwa unavuma ovyo, mara huku, mara kule.

Ukatulia. Kisha ukaja mpana na wa pole, ukimpuliza mgongoni.

Ngo! likasema pipa. Ngo, ngo, ngo, halafu mlio mmoja mrefu wa maji yanayoingia. Kicheko kikakatika kama kilichokatwa kwa kisu cha minofu. Kisha zikapanda vigelegele, na yule wa mchicha ndiye aliyepiga kuliko wote, akirusha buti lake moja hewani.

Msafiri hakushangilia. Alishuka mpaka uwanjani, akatumbukiza mkono ndani ya pipa, akautazama ulivyolowa. Alipopanda tena alikuwa anahema.

"Baba Ndalahwa, nani kakwambia pipa lile linafikika?"

Masalu akaogopa kwamba amevunja sheria. "Hakuna aliyeniambia. Niliuliza mishale."

"Kwa sababu mimi nililiweka pale ili mtu asilifikie," Msafiri akasema. "Nilipiga hesabu kwa nyuzi arobaini na tano, kama tulivyokariri shuleni, nikapata mita kumi na nane na kidogo. Nilitaka nione nani atakuwa mkweli aseme hapafikiki, maana nisiyemtaka kwenye pampu zangu ni mtu mwongo. Venant amesema. Nilikuwa nimeshamwandika." Akavua miwani, akaifuta. Watu walidhani atakasirika. "Arobaini na tano ni ya uwanja tambarare, siyo ya juu ya jiwe. Ninayo shahada, na jambo hili sikulifikiria. Baba, hebu nioneshe."

"Ukisimama hivyo huoni kitu, injinia," Masalu akamwambia kwa upole. "Njoo huku chini."

Msafiri akautazama mstari wa pasi kwenye suruali yake. Kisha akapiga magoti juu ya jiwe lililolowa, akalaza shavu kando ya mpira, na fundi akamwelekeza kwa kidole: mshale wa kuondoka huu, wa kutua ule, ukuta na sakafu. Wakakaa hivyo muda mrefu, vichwa viwili pamoja, mpaka kengele ya kazi ikalia na wanawake wakatawanyika.

Siku hiyo kiwanda kiliandika watu wawili, kwa kuwa pampu hazilali na zamu haziwezi kushikwa na mtu mmoja: Venant kwa ukweli wake, na Masalu kwa hesabu yake. Kabla juma halijaisha mipira yote ya zimamoto iliyofungwa juu ya jiwe ilikuwa imeshushwa vichwa, na fundi aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa Masalu.

Jioni ya siku ile ya usaili Masalu alifika Mkolani akipiga kengele ya baiskeli kutoka mwanzo wa mtaa. Rebeka aliposikia habari alimwaga pini zote za cherehani barazani. Mzee Nestory, baba yake Teodora, alikuja kumpa mkono, na Teodora alipoambiwa jinsi pipa lilivyolia aliomba asimuliwe tena, polepole, tangu vipago vya ngazi. Masalu alipofika mwisho, Teodora alimuuliza kama sasa ataacha kuja darasani.

"Niache?" Masalu akashangaa. "Mwalimu, tumefika ukurasa wa sitini, na kitabu kina mia tatu!"

Naye hakuacha. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, ameketi katikati ya vijana walioweza kuwa wanawe, akafaulu. Wafanyakazi wapya kiwandani walipomuuliza amewezaje kuanza shule uzeeni, hakuwa na maneno mengi. Aliwaambia kwamba alikaa miaka mingi amesimama kando ya kitanda akikilaumu kwa ufupi wake, kumbe kosa lilikuwa la mgongo wake. Kwa maana mtaka cha mvunguni, awe nani, sharti ainame.